Rubani Kutoka Ndalu

Nilitaka maiki. Nianze na hilo, ili mtu asidhani nilienda Bungoma kutafuta mume au kukimbia jembe, kama walivyosema majirani zetu kule Kitale. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Alama zangu zilikuwa za katikati, zile ambazo watu wanakupongeza lakini hakuna chuo kinachokuita, na mama alikuwa ameshanitafutia nafasi ya kujifunza ushonaji mjini Kitale. Masomo yangeanza baada ya mavuno. Kabla ya hapo niliomba kumtembelea anti yangu, dada mdogo wa baba, aliyekuwa karani wa serikali Bungoma. Mama alikubali kwa sababu anti ni mtu wa kanisa. Hakujua kwamba nyumba ya anti ilitazamana na ukumbi wa vidio.

Ukumbi wenyewe ulikuwa banda la mabati nyuma ya soko. Ndani mlikuwa na televisheni kubwa juu ya meza, benchi za mbao, na pazia zito mlangoni la kuzuia jua. Mahali pa heshima palikuwa kando ya televisheni, kwenye kiti kirefu alichokalia dijei, maiki mkononi. Tulimwita dijei ingawa hakucheza muziki. Kazi yake ilikuwa kuchukua filamu ya watu wa mbali na kuisimulia kwa Kiswahili ikiendelea: anamsemea mwanamume, anamsemea mwanamke, anamsemea hata farasi, na kila mhusika anampa kwao. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa muhimu. Hakuna mtu pale aliyetaka kutazama mtu asiye na kwao. Jambazi wa Hong Kong akishafika kwa dijei alikuwa jambazi wa Malaba, na polisi aliyemfukuza alikuwa ametoka Kimilili na alikuwa na mke msumbufu.

Siku ya kwanza nilisikiliza kutoka nje, sikio kwenye mabati, nikaona wivu wa kweli. Nikajiambia kazi hiyo ninaiweza, tena vizuri kuliko yule. Sijawahi kuwa mtu wa kujidharau na sitaki kuanza sasa.

Haikupita muda dijei akaenda zake Webuye, alikoahidiwa ukumbi mkubwa zaidi. Mwenye vidio, mzee mstaafu ambaye mpaka hapo sikuwa nimewahi kumwona bila kofia yake ya sufu kichwani, akabaki na benchi tupu na gunia dogo la diski alizonunua Lwakhakha kwa mtu aliyezivusha kutoka Uganda. Zilikuwa katuni. Kwenye makasha kulikuwa na picha za wanafunzi wenye macho makubwa, na nyuma yao mashine za chuma ndefu kuliko nyumba. Mzee akatazama picha akafikiri kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu Bungoma angefikiri: katuni ni za watoto. Shule zilikuwa zimefungwa. Akaongea na akina mama wa kanisa la jirani, nao wakamletea watoto wa shule ya Jumapili, soksi nyeupe zimevutwa mpaka magotini, mchana kweupe, baada ya maombi.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Katuni ilianza kwa upole, wanafunzi wanapanda mlima wakiimba. Wakaingia pangoni, wakakuta mashine imelala humo kama ng'ombe mgonjwa, na mashine ikafungua kifua. Ndani hapakuwa na viti wala usukani. Palikuwa na mbavu, na mbavu zilikuwa zinapumua. Mvulana mmoja akapanda akaingia, mbavu zikajifunga juu yake, akapiga yowe, na shule nzima ya Jumapili ikapiga yowe pamoja naye. Mama mmoja alitoka mbio na mtoto wake kwapa moja na mtoto wa mwenzake kwapa la pili. Mwingine alisimama mbele ya televisheni akaanza kuikemea kwa jina la Yesu, mpaka mzee akaichomoa.

Nilimkuta baadaye akizirudisha diski kwenye gunia, amenuna.

"Mzee, hiyo si ya watoto," nikamwambia.

"Sasa ndio unaniambia?"

"Ni ya watu wazima. Niachie niisimulie. Hayo maandishi ya Kizungu yanapita hapo chini, mimi naweza kuyasoma yakipita."

"Wewe? Msichana?"

"Dijei wako hakuwa anasoma, mzee. Alikuwa anatunga tu. Si ulijua?"

Akacheka bila kutaka, kisha akaivua ile hasira usoni na kuanza kufikiri. Alikuwa mtu wa haki, mzee yule, hata aliponikosea baadaye.

"Maliza hii katuni yote," akasema. "Watu wakikuja mpaka mwisho, hiyo kiti ni yako. Wakitoroka, unarudi kwenyu Kitale ukashone nguo. Anti yako ameniambia hiyo maneno ya kushona."

Nilimpigia mama kwa simu ya dukani nikamweleza. Akasema nina muda mpaka chuo kifunguliwe, na mtu yeyote wa kanisani kwetu akiniuliza, niseme niko kwa anti nikimsaidia kazi za nyumba. Nilijua kwa mama huo ulikuwa upole mwingi, lakini uliniuma.

Asubuhi nilizitazama diski peke yangu ukumbi ukiwa mtupu, nikirudisha nyuma, mdomo ukichezacheza. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kutisha. Kuna mji chini ya mlima. Ukungu ukishuka, madude yanakuja ndani yake, na kila dude linaita kwa sauti ya mtu unayempenda: fungua mlango, ni mimi. Anayefungua haonekani tena. Kinachoyaweza madude hayo ni zile mashine za pangoni, na mashine hazikubali mtu mzima. Zinakubali vijana watatu tu, wavulana wawili na msichana. Lakini kila rubani anaposhinda na kutoka kwenye zile mbavu, mtu mmoja kati ya wale wanaompenda anamsahau. Anamsahau kabisa, kama hakuwahi kuzaliwa. Kijana ameokoa mji, anarudi shuleni na jeraha begani, na rafiki wa dawati lake anamwuliza, samahani, wewe ni mgeni hapa?

Mimi damu haikunitisha. Hilo la kusahauliwa lilinitisha. Nililia pale kwenye benchi, nikapangusa uso kwa kitambaa cha kichwa, nikarudisha diski nyuma na kutafuta maneno yangu.

Kuwapa kwao haikuwa kazi. Mlima wenye mapango tulikuwa nao, ukitoka nje ya ukumbi uliuona. Mvulana mkubwa, mwenye sauti na ubishi, nikampa Cheptais. Yule wa miwani, ambaye kila mara alikuwa akipatana na wakubwa wa jeshi kabla hajakubali kupanda mashine, hakuwa na kwingine kwa kutoka ila Lwakhakha, mpakani kwa wachuuzi. Na msichana, mkimya, mwenye kutembea kama aliyejitwika kitu kichwani hata asipokuwa nacho, nikamtoa Ndalu. Sikuwa na sababu kubwa. Nilikuwa nimewaona akina mama wa Ndalu siku za soko na magunia yao ya viazi na kabeji, na nilipenda walivyosimama.

Mara ya kwanza kukalia kiti kile, waendesha boda boda walijaza benchi za nyuma kwa makusudi.

"Ati leo ni mama anatangaza?" mmoja akasema.

"Niaje, wewe wa nyuma," nikamjibu kwenye maiki. "Kama umekuja kuona sura yangu, toka nje kwa mwanga uione vizuri. Kama ni katuni, nyamaza bana, hii dude inakuja na inajua jina yako."

Wakacheka. Ukungu ukashuka kwenye televisheni. Nikaishusha sauti, nikaita kama mama aliyechoka: "Fungua, mwanangu. Ni mimi. Huu mzigo umenishinda." Mwanamume mmoja aliyekaa karibu na pazia akainuka nusu, akalitazama, akakaa tena polepole. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza habari ya mama kutangaza. Hata matamshi hayakuleta shida. Watu wa Bungoma walichanganya l na r, na sisi wa kwetu pia, kwa hivyo hakuna aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake.

Kisha wakaja akina mama wenyewe wa Ndalu. Habari iliwafikia sokoni kwamba kuna mtoto wao anapigana na mashetani kwenye vidio. Wakaja baada ya kuuza, na magunia yao matupu yamekunjwa kwapani, wakiongozwa na muuza vitunguu mmoja mpana, mwenye sauti nzito, ambaye alionekana kuwasemea wote. Hawakuwa wamewahi kuingia ukumbini. Wakatandika magunia juu ya benchi wakakaa. Rubani wangu alipotokea, muuza vitunguu akanisemesha kutoka pale pale, katuni ikiendelea, kama mtu anayemwuliza jirani ng'ambo ya ua.

"Mtoto wa Kitale. Huyu msichana ni wa nani?"

Dijei mwingine angemjibu kwa mzaha. Mimi nilikuwa nimenoga, nikajibu: "Baba yake alishakufa. Mama yake anauza viazi. Nyumba ya kwanza ukipita kanisa."

Hapo ndipo nilipojifunga. Ndalu kuna kanisa, na ukilipita kuna nyumba.

"Hapo si karibu na kinu ya posho?" mmoja akasema.

"Hapana, ile ingine. Ile iko na miti ya kahawa."

"Aa. Huyo mama namjua, ni mtu mzuri."

Tangu siku hiyo yule rubani hakuwa wangu tena. Kabla ya kila pigano walinitaka nisimamishe diski wamwombee, na mzee alikubali kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa. Walisimama wakaomba, waendesha boda boda wakavua kofia, kisha nikabonyeza, mbavu zikajifunga na pigano likaanza. Akishinda, walipiga vigelegele hadi mbwa wa soko wakabweka. Rafiki yake alipomsahau walisonya, wakasema marafiki ndivyo walivyo. Mwalimu alipomsahau walimtetea mwalimu, ana watoto wengi. Lakini mdogo wake alipomsahau, yule aliyekuwa akimbeba mgongoni, walikunja magunia yao wakaenda. Siku ya soko iliyofuata muuza vitunguu alinisubiri mlangoni.

"Mama yake rakini?" akaniuliza. "Mama hawezi kumsahau."

Nilikuwa nimeshaitazama diski ya mwisho. Sijui kudanganya, uso wangu husema kabla ya mdomo. Nikajishughulisha na pazia. Akanisoma uso, akaenda moja kwa moja kwa mzee, na wenzake wakamfuata.

Sikusikia walichosema huko nyuma ya banda. Mzee aliponiita alikuwa ameshika kofia yake mkononi, nikajua kuna maneno.

"Hawa wamama wanasema hakuna mama wa Ndalu anaweza sahau mtoto. Wanasema ni matusi. Wanasema huyo mwenye nyumba wanamjua."

"Lakini ndivyo ilivyo, mzee. Inaandikwa hapo chini."

"Nani anasoma hapo chini? Wewe sema mama amemkumbuka. Sema, karibu mwanangu, umerudi. Nani atajua?"

"Uso wa yule mama wataona. Anamwangalia kama mtu hajawahi kumwona. Nikisema amemkumbuka, wataona ninadanganya, na mtoto wao watamwona amedanganywa."

"Ni katuni, binti."

"Najua ni katuni."

"Sasa sikia. Hao wakienda, hakuna ukumbi. Kuna kijana mwingine wa Webuye, si yule dijei wetu, anaweza fanya hii kazi, atakuja siku hiyo hiyo. Ukisema mama amesahau, yeye ndiye atakaa hapo. Chagua."

Nilienda kwa anti nikafua nguo zote nilizoziona, safi na chafu. Nilikuwa na hasira hata sabuni iliniponyoka. Kusema kweli nilifikiria kukubali. Maneno mawili tu, umerudi mwanangu, na kiti kingekuwa changu, na cherehani ingebaki Kitale. Lakini nilimpenda yule msichana. Alikuwa amejua. Kabla ya pigano la mwisho, wenzake wawili wakiwa hawawezi tena hata kusimama, anakaa jikoni anamtazama mama yake akimenya viazi, kwa sababu amebaki na mtu mmoja tu anayemjua duniani na anajua bei ya kesho. Mama anamwuliza mbona unaniangalia hivyo. Anasema, basi tu. Kesho yake anaenda. Nikisema mama alimkumbuka, basi msichana hakutoa kitu, na mimi ningekuwa nimemnyang'anya huo ushujaa wake ili nipate kiti. Nikaanika nguo. Nilikuwa nimeamua, na nikishaamua mimi huwa sina maneno mengi.

Siku hiyo ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa chini mbele ya benchi. Akina mama wa Ndalu walikuwa katikati, magunia mapajani. Kijana wa Webuye, mwenye shati lililopigwa pasi, alikuwa mbele karibu nami, na alinisalimia kwa adabu kama mtu anayesubiri zamu. Mzee alisimama kando ya mashine ya sauti. Alinitazama mara moja tu. Nilishukuru kwamba mvua ilikuwa imekawia, maana mabati yale yakipigwa na mvua husikii hata mawazo yako.

Nilisimulia jikoni. Nilisimulia viazi. Niliposema "basi tu" nilisikia mtu akivuta kamasi kwenye benchi za boda boda. Wakamwombea rubani, wakaketi, mbavu zikajifunga. Pigano lile nililipigana kwa sauti yangu yote, na dude la mwisho lilipoita kwa sauti ya mama yake, fungua mwanangu, akina mama walimpigia kelele: usifungue, usifungue. Hakufungua. Dude likaanguka na ukungu ukaondoka juu ya mji.

Akashuka mlima peke yake. Akafika kwao, nyumba ya kwanza ukipita kanisa. Akagonga. Hakuita, kwa sababu katika mji ule aliyeita hakufunguliwa. Mlango ukafunguka, mama yake akasimama pale na taulo mkononi, akamtazama. Televisheni ikajaa uso wa yule mama.

Nikasema kwenye maiki: "Hakumjua."

Spika zikakatika. Nilisikia kidole cha mzee kikibonyeza. Kijana wa Webuye akainuka kidogo kwenye benchi, na minong'ono ikaanza nyuma. Nikashuka kutoka kile kiti kirefu, nikasimama kando ya televisheni, maiki iliyokufa bado mkononi, nikapaza sauti yangu niliyozaliwa nayo.

"Hakumjua," nikasema tena. "Amemwangalia macho, amemwangalia bega limeumia, na hakumjua. Mama anasema: karibu. Unaonekana umetoka mbali."

"Nyamazeni," mtu akasema huko nyuma, "hatusikii."

"Mama anasema: wewe ni mtoto wa nani?"

Hapo katuni inasimama. Wale waliochora waliacha picha moja, mama mlangoni na msichana nje, na hakuna kinachosogea ila nguo inayopepea kwenye kamba. Hakuna maandishi chini. Dijei hufundishwa asiache kimya hata kidogo, kimya kikiingia anakitia mzaha au wimbo. Mimi nilikiacha. Sikutaka kumtungia yule msichana jibu.

Muuza vitunguu akasimama. Gunia lilianguka kutoka mapajani mwake na hakuliokota.

"Ni wako," akaiambia televisheni.

Mwenzake aliyekuwa kando akasimama pia. "Ni wako, mama. Huyo ni wako. Mwangalie tu vizuri."

Wakasimama wote wa Ndalu, na mmoja wa boda boda, wakimwambia. Hakuna aliyeniangalia mimi. Kwenye televisheni mama akasogea, akaupokea mfuko wa msichana kama unavyoupokea wa mgeni yeyote, akamwonyesha pa kukaa, na maandishi yakarudi chini. Nikafungua mdomo kusoma, na pumzi yangu ikasikika kubwa kutoka kwenye spika zote mbili. Mzee alikuwa ameirudisha sauti. Alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi, anawatazama akina mama.

"Keti," nikasoma. "Chakula kipo."

Kijana wa Webuye alitoka kimya kupitia pazia, na mimi nikarudi kwenye kiti changu.